Ziwa Ngosi kwa Mwendo wa Taratibu: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja

Msafiri anayepita barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu na Kyela hawezi kuliona Ziwa Ngosi, ingawa linakaa karibu sana na njia yake, kwa sababu limefichwa ndani ya mlima. Safu ya Uporoto ilijengwa na volkeno, na mmoja wa milima yake, baada ya kulipuka na kumwaga majivu na mawe mepesi ya pumisi, uliporomoka kwa ndani na kubaki shimo kubwa lenye upana wa kilomita tatu hivi. Maji ya mvua na ya chini ya ardhi yakalijaza shimo hilo, na hakuna mto wowote unaotoka humo. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo inafikia takriban mita 2,620 kutoka usawa wa bahari, na maji yenyewe yako katika mita 2,060 hivi. Ramani nyingine huandika Ngozi na nyingine Ngosi. Ziwa ni lile lile.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda kutembea kwa utulivu, kukaa juu ya ukingo muda wa kutosha, na kurudi salama kabla ya jioni. Nimepanda Ngosi mara kadhaa, na jambo ambalo ningependa kila mgeni alijue kabla ya jingine lolote ni kwamba mwenye ratiba ya mlima huu ni ukungu. Ukiipanga siku yako kwa kuufuata, utaliona ziwa na utapata ukimya ulioufuata. Ukiipanga kwa kufuata usingizi wako au saa ya kuondoka gari, huenda ukapanda saa nzima na kukuta weupe mtupu kama pazia lililoshushwa.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi, halafu chagua saa

Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Upepo unaotoka upande wa Ziwa Nyasa hubeba unyevu, hukutana na milima hii mirefu, hulazimika kupanda, na unapopanda hupoa na kuwa mawingu. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndio mwezi ambao sishauri mtu yeyote apande, kwani njia ya msituni hugeuka mfereji wa matope. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Juni na Julai kuna baridi kali ambayo mtu aliyetoka Dar es Salaam au Tanga hawezi kuikadiria mpaka aione, lakini anga huwa safi zaidi asubuhi. Agosti na Septemba, kwa maoni yangu, ndiyo miezi bora: njia imekauka, baridi imepungua, na vumbi la barabara ya mashambani bado linavumilika.

Kuhusu saa, sheria yangu ni moja: uwe umeanza kupanda msituni kabla ya saa 3 asubuhi. Alfajiri mara nyingi kuna ukungu mabondeni, jua likipanda hutawanyika, na kati ya saa 4 na saa 6 mchana ziwa huwa wazi kwa kiasi kikubwa, huku jua likiingia ndani ya shimo na kuyafanya maji yaonyeshe rangi yake ya kijani kinachoelekea samawati. Baada ya saa 7 mawingu huanza kujikusanya tena. Mara yangu ya kwanza niliondoka Mbeya mjini saa 4, nikiamini kwamba kilomita 40 si kitu. Nilipofika kijijini, mama mmoja aliyekuwa akipanga viazi kwenye ndoo kando ya barabara alinitazama mimi na mkoba wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda Ngosi saa hizi?" Alielekeza kidevu chake mlimani. "Ukungu umeshashuka. Ungelala hapa, upande kesho."

Sikumsikiliza. Nilipanda, nikakaa ukingoni dakika 40 nikitazama wingu, nikashuka huku mvua ikininyeshea. Tangu siku hiyo, mtu wa kijijini akiniambia mlima haufai leo, huwa naahirisha.

Hatua ya pili: fika Isongole mapema

Wageni wa mbali hufika Mbeya kwa basi, kwa treni ya TAZARA, au kwa ndege kupitia uwanja wa Songwe. Lala Mbeya mjini au Uyole usiku wa kuamkia safari. Uyole inafaa zaidi, kwani ndipo barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, na asubuhi utakuwa umeokoa foleni ya mjini. Panda gari lolote linalokwenda Tukuyu au Kyela, iwe basi dogo au Noah, na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Isongole, njia ya kwenda Ngosi. Ni mwendo wa kilomita 35 hadi 40 kutoka Mbeya mjini, wa kupanda mlima kwa sehemu kubwa, na gari likijaza abiria njiani linaweza kuchukua zaidi ya saa moja. Anayetoka Tukuyu hupanda gari la kuelekea Mbeya.

Kutoka barabara ya lami hadi mwanzo wa msitu kuna kilomita zipatazo sita au saba za barabara ya udongo. Bodaboda zinapatikana. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, chukua namba ya simu ya dereva, na mwambie saa kamili ya kukufuata, ukiongeza saa moja juu ya muda unaoudhani, ili usije ukakimbizwa na ahadi uliyoiweka mwenyewe. Mwenye gari binafsi wakati wa kiangazi anaweza kufika nalo. Baada ya mvua, gari lisilo na uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne libaki barabarani.

Mwenye miguu mizuri na muda, mimi humshauri aende kwa miguu katika sehemu hii angalau wakati wa kwenda. Barabara inapita katikati ya mashamba ya viazi, na udongo wake ni mweusi na mwepesi kwa sababu ni majivu ya volkeno yaliyooza kwa muda mrefu. Asubuhi utakutana na watu wakienda shamba na majembe begani, na watoto wa shule waliojifunga masweta. Amkia kila mtu. Wasafwa na Wanyakyusa wanaoishi huku wanajali salamu, na "shikamoo" kwa mzee au "ndaga" ya shukrani kwa Mnyakyusa aliyekuelekeza njia hufungua mazungumzo ambayo fedha haiwezi kuyanunua.

Hatua ya tatu: lipa kiingilio na upate mwenyeji wa kukuongoza

Msitu huu ni hifadhi, nao uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, maarufu kama TFS. Kiingilio hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, na asiye raia hulipa zaidi ya raia. Uliza viwango siku chache kabla katika ofisi yao iliyo karibu, kwani hubadilishwa, na hakikisha simu yako ina salio la kutosha, maana mtandao mlimani si wa kutegemea. Tunza risiti.

Kiongozi wa njia ni wa lazima kwa mgeni, hata kama njia inaonekana wazi mwanzoni. Kuna vijia vya wakata majani vinavyoachana na njia kuu, na ukungu ukishuka ghafla, mtu anaweza kuzunguka mahali pamoja kwa muda mrefu. Mweleze mapema unachokitaka, kwa sababu viongozi wengi wamezoea vijana wanaotaka kupanda kwa kasi, wapige picha na kuondoka. Sema tu: "Kaka, mimi nataka twende polepole, tusimame mara kwa mara, na juu tukae saa mbili." Nimeona uso wa kiongozi ukibadilika kwa furaha aliposikia hivyo, naye akaanza kuonyesha vitu ambavyo kwa kawaida huvipita.

Hatua ya nne: fungasha kidogo, lakini fungasha vilivyo

Viatu ndivyo vinavyoamua kama utaifurahia safari au utaichukia. Vaa buti zenye soli yenye meno. Raba zilizolika zitakuangusha hata wakati wa kiangazi, kwani chini ya miti kivuli hakiruhusu udongo kukauka kabisa. Vaa suruali ndefu na soksi ndefu. Beba sweta na koti la mvua hata kama anga ni safi unapoondoka, kwa sababu utapanda ukitokwa jasho, na ukishakaa ukingoni upepo utakupiga jasho likiwa bado mgongoni, na hapo ndipo baridi huwashika watu.

Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu inatosha. Usitegemee maji ya ziwani, kwa sababu ni vigumu kuyafikia, na hata ukiyafikia si ya kunywa, kwani yana chumvi inayoletwa na maji ya moto kutoka chini ya ardhi. Chakula kiwe chepesi: viazi vya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi mbivu, au parachichi za Rungwe, ambazo ni tamu kweli na hushibisha. Chupa ndogo ya chai ya moto, ikiwezekana yenye tangawizi, utaishukuru juu. Usibebe vitu katika mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Beba begi la kitambaa, ambalo pia litarudisha taka zako zote hadi barabarani. Fimbo utachongewa au kupewa kijijini, na uikubali hata kama una miaka 20.

Wanaotoka ukanda wa pwani wajue kwamba kwenye mwinuko huu pumzi hukatika upesi. Si ugonjwa, ni hewa kuwa nyembamba kidogo, na dawa yake ni kupunguza mwendo. Mwenye shinikizo la damu, pumu au matatizo ya magoti azungumze na daktari wake kwanza.

Hatua ya tano: panda msitu kana kwamba msitu ndio safari yenyewe

Kutoka mwanzo wa njia hadi ukingoni ni saa moja hadi saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida. Panga saa mbili. Dakika za mwanzo ni za mwinuko mdogo, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kukimbia, halafu hukosa nguvu panapohitaji nguvu. Tembea kwa hatua fupi, kanyaga kwa unyayo mzima, na uweke kipimo hiki: ukishindwa kuzungumza sentensi moja bila kuhema, umezidisha.

Ukiingia chini ya miti mikubwa, ubaridi hubadilika mara moja na sauti ya mashamba hupotea. Miti imevaa kuvu na ndevu za kijani, kuna mianzi sehemu fulani, na kuna migomba mwitu yenye majani mapana kuliko ya migomba ya nyumbani, ambayo haizai ndizi za kuliwa. Simama. Zima sauti ya simu. Ukikaa kimya dakika tano utaanza kusikia vilivyokuwepo tangu mwanzo: majani yakitikiswa na mbega huko juu, maji yakidondoka mahali usipopaona, na kulukulu akiita kwa sauti nzito. Mara nyingi ndege huyu humwoni mpaka aruke, na akiruka mabawa yake hufunguka mekundu kama kitambaa kilichokunjuliwa.

Mwombe kiongozi akutafutie kinyonga mwenye pembe tatu. Aina hii huishi katika milima hii ya kusini magharibi mwa Tanzania tu. Siku moja kiongozi wangu alisimama, akaninyoshea unyasi mrefu kuelekea tawi lililokuwa usawa wa bega langu, nami nikatazama kwa muda bila kuona kitu, mpaka jani moja lilipogeuza jicho. Alikuwa dume, wa kijani, pembe zake zimetazama mbele, jicho moja likinitazama mimi na jingine likimtazama kiongozi. Alinyanyua mguu, akautikisa hewani kama anayepima, akaushusha. Tulisimama hapo robo saa. Tafadhali usimshike wala usimtoe kwenye tawi kwa ajili ya picha, na ukatae kabisa mtu akikuuzia, kwani biashara ya wanyama hawa imeshawaumiza vya kutosha.

Mambo mawili ya kuangalia chini ni siafu na majani yanayowasha. Ukiona mstari mweusi unaovuka njia, usisimame kuutazama ukiwa juu yake. Ruka kwa hatua ndefu, nenda mbele mita kumi, ndipo ukague soksi zako. Majani yenye vinyweleo kando ya njia usiyashike unapotafuta pa kujishikiza, bali shika mizizi au fimbo.

Sehemu ya mwisho ni kali. Njia inasimama karibu kama ngazi, mizizi ikiwa ndiyo vidaraja, na kama mvua ilinyesha jana mtatumia mikono. Hapa watu waachiane nafasi, ili anayeteleza asimzoe wa nyuma, na asiwepo wa kumharakisha mwenzake. Ghafla miti inaisha, upepo unakupiga usoni, na ziwa lipo.

Hatua ya sita: kaa ukingoni

Ukuta wa shimo unashuka wima mbele yako ukiwa umefunikwa na msitu hadi majini, na chini kabisa, mbali kuliko ulivyotarajia, maji yametulia bila boti, bila nyumba, bila njia pembeni. Wenyeji hukwambia kwamba ziwa lina umbo la bara la Afrika, na ukitazama kwa makini utaona walichokiona. Umbali unameza sauti zote za majini, ndiyo maana hata watu wanaoongea sana hunyamaza wakifika hapa.

Keti mita mbili au tatu nyuma ya ukingo, mahali penye mizizi au nyasi imara. Udongo wa pembeni ni majivu na pumisi, unaweza kukatika bila dalili, na hakuna uzio. Watoto washikwe mkono muda wote. Usipige picha ukirudi nyuma kinyumenyume. Anayetaka kurusha droni awe na kibali cha mamlaka husika, ingawa mimi ningemwomba aiache nyumbani, maana mlio wake unaharibu kile ambacho wengine wote wamepanda kukifuata.

Vaa sweta kabla hujasikia baridi, kunywa chai, kisha utazame. Wingu likifunika, usiondoke upesi. Mara nyingi hupita ndani ya dakika 20, na ziwa hurudi likiwa na rangi tofauti na uliyoiacha. Muulize kiongozi habari za ziwa kwa sauti ya chini. Kwa wazee wa hapa Ngosi si maji tu, ni mahali pa heshima, na ukiambiwa usitupe jiwe au usipige kelele, tii bila kutaka ushahidi. Wanasayansi wanakadiria kwamba mlipuko wa mwisho ulitokea miaka 600 hivi iliyopita, na bado chini yake kuna joto kubwa kiasi kwamba taifa limekuwa likichunguza uwezekano wa kuzalisha umeme wa jotoardhi kutoka hapa.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni kama anaweza kushuka hadi majini. Vijia vipo. Ushauri wangu ni usishuke. Ukuta ni wima, udongo ni telezi, mtu akivunjika mguu kule chini kumtoa ni kazi ya watu wengi na saa nyingi, na kama nilivyosema mwenye ratiba ni ukungu. Zaidi ya hayo, ardhi ya Rungwe hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi sehemu nyingi, na gesi hiyo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni bila harufu wala rangi. Uzuri wote wa Ngosi unaonekana kutoka juu.

Hatua ya saba: shuka ukiwa bado na nguvu

Anza kushuka saa 7 mchana, au saa 8 ikiwa anga ni safi sana. Majeraha mengi hutokea wakati wa kushuka, miguu ikiwa imechoka na akili ikiwa imeshafika nyumbani. Kaza kamba za viatu ili vidole visigonge mbele, tanguliza fimbo, kunja magoti kidogo, na pale penye kusimama sana shuka ukigeukia mlima kama anayeshuka ngazi. Saa 10 jioni uwe barabarani Isongole, kwani jua likishazama magari hupungua na baridi huanza kuuma. Viazi vya moto hupatikana hapo hapo, na kikombe cha chai ya rangi kikiwa mkononi, miguu itaanza kukwambia ilikotoka.

Kwa asiyeweza kupanda

Mzee, mjamzito au mwenye mtoto mdogo asinyimwe ziwa. Kuna Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, kwenye barabara ya Tukuyu kwenda Ipinda. Nalo ni la volkeno, dogo na la duara, na gari hufika karibu kabisa na ukingo wake. Hapo kuna jengo la mawe lililoachwa na Wajerumani, ambalo baadaye lilitumika kama mahakama, na kivuli kizuri cha kutandika mkeka. Kwa kuwa liko chini zaidi kuliko Ngosi, hali yake ya hewa ni ya joto, na ukungu haulisumbui sana, kwa hiyo unaweza kufika hata alasiri. Mimi humpeleka mama yangu huko. Hutembea taratibu kwenye ukingo akiwa na khanga begani, hukaa chini ya mti akitazama maji, na kila tukikaribia kuondoka huomba tukae kidogo tena.